Sabuni Iliyopimwa kwa Kiberiti

Kuna harufu mbili ambazo zikikutana tu, mimi nimerudi jikoni kwa mama: harufu ya sabuni ya mche na harufu ya moshi wa kuni za mchai. Kwetu, nje kidogo ya Kapsoit, michai ilipopogolewa hakuna tawi lililoachwa kuozea shambani. Mama aliyafunga matawi yale matita matita, akayakausha, tukayapikia mwaka mzima. Juu ya meko kulikuwa na dari ya mbao, na kwenye dari hiyo ndipo sabuni zetu zilipokaa, zimepangwa mstari mmoja, zikipigwa moshi mpaka zikawa ngumu na kupata rangi ya chai ya maziwa. Desemba iliyopita nilizinusa tena harufu hizo mbili, na kitu kikanikaba kifuani. Ningependa kukuambia kwamba kilikuwa ni hamu ya nyumbani. Lakini wewe ni mtu wangu, sitakudanganya. Kilikuwa ni wivu, uleule wa zamani, na haukuwa umezeeka hata siku moja.

Watu wa kijijini walimwita mama mkono wa birika, na hawakumsingizia. Aliamini kwamba sabuni mbichi ni mwizi. Ukiinunua leo ukaioga leo, alisema, nusu yake inakwenda na maji na hujui imekwenda wapi. Kwa hiyo mche mpya ulipofika nyumbani ulipandishwa darini kwanza ukakae majuma mawili, ndipo ukateremshwa ukatwe. Alikata kwa uzi uliochomolewa kwenye mdomo wa gunia la mbolea, uzi aliouzungushia gunzi la hindi na kuuficha mahali ambapo sisi sote tulipajua. Kipimo chake kilikuwa ganda la kiberiti. Aliliweka juu ya mche, akatia alama kwa ukucha, akazungusha uzi, akavuta. Vile vijipande vilivyomomonyoka vilikusanywa, vikafinyangwa kuwa tonge, na tonge lile likaosha vyombo kwa siku tatu.

Kiberiti mara nne: baba, mama, mimi, na mdogo wangu Kiprono. Baba alikuwa mtu mrefu aliyeinama kuingia mlango wa jikoni, na Kiprono alikuwa na miaka minne, lakini vipande vyao vililingana. Baba alipojaribu kuteta kwamba yeye ana mwili mkubwa wa kuosha, mama alimwambia uchafu wa Kiprono unamzidi. Baba akacheka, akaenda zake kuoga.

Usidhani ni sabuni tu. Dawa ya meno ilipokwisha, mama aliipasua ile tyubu kwa wembe, tukaendelea kukwangua ndani kwa wiki nzima. Moto wa asubuhi ulitokana na kaa lililolala chini ya jivu, ndiyo maana ganda la kiberiti lilikuwa tupu na lilikuwa na nafasi ya kufanya kazi ya kupima. Gunia la mbolea lilikuwa na karatasi ya nailoni ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa koti langu la mvua. Viatu vyangu vya shule vilinunuliwa vikubwa kwa namba mbili, vikajazwa magazeti mbeleni, nami nikatembea navyo nikisubiri mguu ukue. Na chai, ndugu msomaji, sisi tuliolima chai, tuliochuma chai tangu ukungu wa asubuhi, majani ya asubuhi yalichemshwa tena jioni. Tulikunywa chai iliyochoka.

Nataka uelewe kwamba hayo yote hayakuniuma. Mtoto huvumilia njaa ya wote. Nilidhani sheria za mama ni kama mvua yetu ya saa nane mchana, inamnyeshea kila mtu, hakuna wa kulaumiwa. Nilianza kuumia siku nilipoona kuna mtu ambaye mvua ile haimgusi.

Jina lake Chebet. Alikuwa binti wa Anti Rael, mdogo wake mama, aliyeolewa huko Ndanai. Anti Rael alikuwa ameugua, akalazwa hospitali ya mbali, na Chebet akaletwa kwetu asome shule yetu mpaka mama yake apone. Mimi naye tulikuwa na miaka kumi. Alifika na begi dogo na sweta lililokuwa fupi mikononi, akasimama mlangoni mpaka mama alipomvuta ndani. Wa kwanza kumpenda nilikuwa mimi. Nilimwonyesha ndama, nikamwonyesha uzi wa sabuni ulipofichwa, nikampa upande wa ukutani kitandani kwa sababu ndio wenye joto.

Jioni ileile mama aliteremsha mche, akaukata robo nzima, akampa Chebet. Robo ya mche. Kipande chenye kona nne kamili, kizito, kiasi kwamba Chebet alikipokea kwa mikono miwili. Nilingoja mama aseme kwamba ni chetu sote. Hakusema. Mimi nilikwenda kuoga na changu, ambacho kilikuwa kimebaki ukubwa wa kifungo cha koti.

Kuanzia hapo macho yangu hayakupumzika. Chebet alitiliwa sukari vijiko viwili, sisi kimoja. Kuku akitaga yai moja, ni la Chebet. Chai yake ya jioni ilipikwa kwa majani mapya kwenye sufuria ndogo ya pembeni, nami niliweza kunusa tofauti nikiwa uani. Viatu vyake vya shule vilipoanza kuachia soli, mama alikwenda Kericho mjini akarudi na vingine vipya, na hivyo, wallahi, vilimtosha. Vilimkaa mguuni sawasawa. Nilivijaribu alipokuwa nje, nikahisi vidole vyangu vikigusa mbele kwa mara ya kwanza maishani, nikavivua nikalia.

Jumamosi ndiyo ilinimaliza. Jumamosi mimi nilitoka na kikapu mgongoni kwenda kuchuma chai, majani mawili na chipukizi, umande ukinilowesha mpaka kiunoni. Chebet alisimama kando ya njia akiomba kikapu naye aje. Kila Jumamosi aliomba, na kila Jumamosi mama alimwambia, wewe kaa nyumbani upumzike. Nikadhani anaomba kwa kujua kwamba atanyimwa. Nilimwona mjanja. Nilimchukia jinsi mtu anavyomchukia aliyekalia kiti chake, hata kama hakukaa kwa kupenda.

Siku moja nilimkabili mama. Alikuwa akikamua ng'ombe, hawezi kuondoka. Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwamba mimi nimehesabu, Chebet ana wiki tano. Mama hakugeuka. Maziwa yaliendelea kupiga ndani ya ndoo.

“Siku ya tatu ya Chebet haijafika,” alisema. “Na uombe isifike.”

Niliona ni majibu ya mtu mwenye upendeleo aliyekosa la kusema. Nikaamua kumsaidia aone Chebet ni mtu wa aina gani.

Kesho yake asubuhi, wakati wa kutoka kwenda shuleni, nilijifanya nimesahau daftari. Nikarudi jikoni mbio, nikapanda juu ya kigoda, nikachukua sabuni ya Chebet, nikaitumbukiza kwenye karai la maji ya mvua lililokuwa chini ya mfereji wa bati nyuma ya nyumba. Ilizama ikatoa povu dogo. Siku nzima darasani sikusikia alichofundisha mwalimu. Nilikuwa nikiiona inavyoyeyuka, kona ya kwanza, kona ya pili. Lazima nikiri, nilikuwa na furaha kama ya mtu aliyealikwa arusi.

Tuliporudi, mama alikuwa ameinamia karai. Maji yalikuwa yamegeuka kama uji wa wimbi, na katikati palikuwa na kitu laini kilichokatika vipande mama alipokigusa. Hebu jiweke mahali pake: mwanamke asiyetupa hata vijipande vilivyomomonyoka, akitazama robo ya mche imekwenda na maji. Mimi mwenyewe niliwahi kusahau kipande cha kifungo ndani ya beseni, na alinichapa kwa fimbo ya mchai mpaka jirani akaja kuniombea. Mama akauliza nani ameweka sabuni hapa.

Nilikuwa nimeandaa uso wangu. Nilikuwa nimeandaa hata maneno, kwamba nilimwona Chebet asubuhi akifua soksi. Lakini Chebet hakunipa nafasi. Alinitazama mara moja, kwa haraka sana, kisha akamtazama mama.

“Ni mimi, Anti. Nilisahau.”

Mama aliutoa mkono karaini. Halafu akasema si neno, bahati mbaya ni ya kila mtu. Akaingia jikoni, akateremsha mche, na kabla maji ya karai hayajamwagwa, Chebet alikuwa na robo nyingine mkononi, kubwa kuliko ya kwanza. Maji yale ya sabuni mama aliyatumia kufulia magunia, hilo tu ndilo lililonihakikishia kwamba bado ni mama yangu.

Usiku wa moyo wangu ulianza mchana huohuo. Kumbe hata akiharibu anaongezwa! Nilimchukia Chebet kwa kukiri kosa langu. Niliona ameniibia hata ubaya wangu. Sikujiuliza alijuaje, wala kwa nini alisema vile. Wivu haukupi nafasi ya kuuliza maswali yasiyokuhusu wewe.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumapili, mtoto wa mwalimu jirani alikuja kumwita mama. Mwalimu yule ndiye aliyekuwa na simu katika kilima chetu, na watu wa Ndanai walipokuwa na neno walipitia kwake. Mama alijifunga leso akaenda. Alikawia. Mvua ya saa nane ikaja ikaisha, bati likaacha kulia, na sisi watoto tukakaa jikoni tukichoma mahindi. Aliporudi alikuwa amelowa kabisa, na chini ya leso alikuwa na mche mpya wa sabuni alioununua dukani njiani.

Hakuupandisha darini. Hilo nililiona, nikalishangaa kidogo, nikaliacha. Alikaa kwenye kigoda na nguo zake mbichi, akauomba uzi. Mimi ndiye niliyemletea. Akachukua ganda la kiberiti, akaliweka juu ya sabuni mbichi, akatia alama. Mara ya kwanza, mara ya pili. Uzi ulipita bila kelele kwa sababu sabuni ilikuwa laini. Mara ya tatu, ya nne. Hapo kawaida aliweka ganda chini akakata robo ya Chebet kwa jicho. Siku hiyo hakuliweka chini. Alipima mara ya tano.

Vipande vitano juu ya ubao wa kukatia mboga, vimelingana.

Mimi nikatabasamu. Nilitabasamu kwa meno yote. Nilisema moyoni, mwishowe siku ya tatu imefika, karai lile limefanya kazi yake, mama ameona. Nikageuka kumtazama Chebet ili aone kwamba nimeona. Na aliniona, nina hakika. Halafu akaitazama tena ile sabuni, muda mrefu, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake. Alikuwa ameisoma. Alikuwa ameijua maana ya robo ya mche tangu siku ya kwanza, na sasa aliijua maana ya kiberiti.

“Anti,” alisema kwa sauti ya chini, “mama harudi?”

Mama aliuacha uzi ukaanguka kwenye jivu.

“Harudi, Chebet. Utakaa na sisi.”

Sijui uso wangu ulikuwa bado na tabasamu wakati huo au la. Nimejaribu miaka yote kukumbuka nililifuta lini. Ninachokumbuka ni Kiprono akiomba mahindi yake yageuzwe, na harufu ya sabuni mbichi isiyojua moshi, na Chebet akinyoosha mkono kuchukua kipande chake kidogo, akakifumbata, asikiachie hata mama alipomkumbatia.

Tulikwenda Ndanai kumzika Anti Rael. Tuliporudi, Jumamosi iliyofuata, mama alimfungia Chebet kikapu mgongoni bila yeye kuomba. Sukari ikawa kijiko kimoja. Chai yake ikawa iliyochoka kama yetu. Viatu vyake vilipoisha alinunuliwa vikubwa kwa namba mbili, nami nilimfundisha jinsi ya kukunja gazeti ili lisikusanyike kidoleni. Siku moja alichapwa kwa kumwaga maziwa, na sikuwahi kumwona mtu akilia na kuonekana ametulia hivyo. Polepole “Anti” ikawa “Mama.” Hakuna aliyemwambia abadilishe.

Ungetarajia niseme wivu uliishia hapo. Aibu ilikuja, ndiyo, lakini wivu ni mtu wa ukoo, hafukuziki. Ulitafuta mlango mwingine. Kumbe Chebet alikuwa na mkono wa kubana kuliko sisi wote. Kiberiti chake kilidumu wakati changu kimeshakuwa kifungo. Aligundua kwamba sabuni ikisimamishwa wima darini inakauka pande zote, na mama akalitangaza jambo hilo hadi kanisani. “Tazama mkono wa Chebet,” aliniambia kila wiki, na mimi nikautazama, nikameza mate machungu.

Miaka imekwenda; baba alishafariki, na Kiprono ana nyumba yake. Mimi naishi Nakuru, naoga kwa sabuni ya maji ambayo ukiibonyeza inatoka nyingi kuliko unavyohitaji. Chebet alijenga katika ua mmoja na mama. Anafundisha watoto wa nasari asubuhi, anachuma chai mchana, na kwa kuwa macho ya mama yamefifia, yeye ndiye anayekata sabuni. Uzi ni wa gunia la mbolea bado.

Siku moja, nikiwa nimeshakuwa mama mwenyewe, nilimwuliza mama kwa nini siku ile alikata sabuni kabla ya kusema. Alisema kwamba njia nzima kutoka kwa mwalimu alikuwa akitafuta namna ya kumwambia mtoto, hakuipata, akapita dukani ili mikono yake iwe na kazi huku mdomo ukijipanga. Hakukusudia kupima mara tano. Mikono ilishajua kwamba Chebet ni wa kwake, ikapima. Halafu akaniambia jambo ambalo kwake lilikuwa wazi kama maji: mgeni unampa kwa wingi ili asione shida yako. Aliye wako ndiye unayembania, kwa sababu ya kesho yake.

Nilidhani nimeelewa. Sikuwa nimeelewa mpaka Desemba hii iliyopita.

Nilifika nyumbani alasiri, nimechoka, mvua imenikuta barabarani. Chebet alinipokea mizigo, akachemsha maji ya kuoga kwa kuni za mchai, akaniletea beseni, taulo jeupe ambalo halijatumika, na sabuni ya dukani, ya kunukia, bado iko ndani ya karatasi yake. Chai yangu aliipika kwa majani mapya. Nilimshukuru. Halafu nikainua macho darini. Sabuni zilikuwa zimesimama wima kwenye mstari wao, nyeusi nyeusi kwa moshi. Nikazihesabu bila kutaka: ya mama, ya Chebet, ya mumewe, ya watoto wake wawili. Basi. Nikasimama jikoni mwa mama yangu mzazi na sabuni ya wageni mkononi, nikasikia kifua kikibana, mimi mwanamke mzima mwenye mvi.

Nikamwambia ukweli hapo hapo, kabla sijapoa. Kwamba ile sabuni ya kwenye karai niliiweka mimi.

Chebet alikuwa akipuliza moto. Hakushtuka.

“Nilijua siku hiyohiyo. Daftari lako lilikuwa kwa begi, nililiona.”

“Sasa mbona ukasema ni wewe?”

Alinyanyuka, akajifuta jivu usoni kwa kiwiko.

“Wewe ungechapwa, Cherono. Mimi hakuna mtu angenichapa.”

Alisema bila uchungu, lakini nilisikia ni kwa muda gani alikuwa amesimama pale kando ya njia, mtoto wa miaka kumi, akiomba kikapu. Kuhusu tabasamu langu sikumwuliza. Lipo, analo, na siku akitaka kunirudishia atanirudishia.

Nikamwekea ile sabuni ya kunukia mezani, ikiwa bado na karatasi yake.

“Nikatie kama yenu,” nikamwambia.

Alinitazama kidogo, kama anayepima. Kisha akapapasa juu ya dari, akateremsha gunzi lenye uzi, na akamwita mtoto wake amletee kiberiti.